Walivyokataa Sabuni Marabo

Wiki iliyopita nilirudisha ufunguo wa kabati, mkasi na pazia, kisha shefu mpya wa kazi akanipa karatasi ya kusaini kwamba sina tena kitu cha biro, ofisi yetu, nyumbani kwangu. Nilisaini. Si kweli kabisa. Nina dadu moja, nina kalamu ambazo sitataja idadi yake, na nina ugonjwa wa kutazama miguu ya watu kuliko midomo yao. Dadu nitairudisha siku nikipita upande huo. Ugonjwa sina wa kumwachia, na ndiyo sababu nimekaa hapa barazani, mvua ya Bunia ikipiga bati kama watu mia wanaochambua maharage, niwaandikie nyinyi mnaobaki na kazi.

Majirani zangu hawajajua hadi leo nilikuwa nafanya kazi gani. Yule wa kulia anaamini niliuza sabuni. Yule wa kushoto anaamini niligawa sabuni za kanisa fulani, na kwamba nilimruka. Ukweli ni kwamba tulikuwa tunawapa watu sabuni, chumvi au maharage, tunawawekea sheria ndogo, kisha tunanyamaza na kuangalia wanavyoamua. Watu wa vitabu wanaita jambo hilo uchumi wa tabia na nadharia ya michezo. Papa Anselme, aliyenifundisha kazi, aliliita kwa maneno mepesi zaidi: kutafuta kwa nini mtu anafanya leo kile alichoapa jana kwamba hatakifanya.

Nilifika kwake nikitoka kwenye ualimu wa darasa la nne. Siku ya kwanza nilivaa viatu vyeupe, kosa ambalo mtu wa Bunia hufanya mara moja tu katika maisha yake. Biro ilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la dawa. Papa Anselme alikuwa amefundisha hisabati miaka mingi. Alikuwa mwembamba, mrefu, na hakuvua kofia hata ndani ya nyumba. Hakuniuliza diplomu. Aliweka mezani vipande kumi vya sabuni, akaenda mlangoni akamwita Papa Ngabu, mlinzi wetu wa lango.

"Mama Sifa," akasema, "hizi sabuni kumi ni zenu bawili. Weye njo mwenye kugawa. Papa Ngabu akikubali, kila mutu anaenda na fungu yake. Akikataa, zote zinarudi mu karto na hakuna mutu anapata kitu. Unasema mara moja tu. Hakuna kubishana."

Nilipiga hesabu haraka. Nyumbani nilikuwa na watoto wanne na sare nne za shule, zote nyeupe juu. Papa Ngabu alikuwa na koti moja. Nikamsogezea vipande vitatu.

Alivihesabu kwa kidole.

"Tatu," akasema.

"Tatu, papa."

"Na weye saba."

"Ndiyo."

"Juu ya nini?"

"Niko na batoto."

"Na miye, niko na mbuzi?"

Papa Ngabu akasema anakataa, akaeleza kwamba anakataa kwa roho nyeupe, akarudi langoni. Papa Anselme akazirudisha sabuni kwenye boksi lake la karto, kipande baada ya kipande, kwa upole wa mtu anayelaza watoto. Kwa wiki mbili zilizofuata Papa Ngabu alinifungulia nusu ya lango tu, nikawa napita upande upande na mkoba juu ya kichwa.

Ule ndio mchezo wa kwanza mtakaofundishwa, na mtafundishwa pia kwamba mtu mwenye akili hawezi kukataa, kwa kuwa sabuni moja ni nyingi kuliko hakuna. Vitabu vinasema hivyo. Papa Ngabu hakuvisoma. Alitoa sabuni tatu ili anunue furaha ya kuniona nikikosa saba, na kwa jinsi alivyokuwa akipiga mluzi jioni ile, naona alinunua kwa bei nzuri.

Jambo la pili nililofundishwa ni uso. Papa Anselme alikuwa na sheria moja kubwa kuliko zote: mchunguzi hana uso. Ukicheka, mchezaji anajua amefanya vizuri. Ukikunja kipaji cha uso, anabadilisha jibu. Ukikohoa, anafikiri ni ishara. Alinifanya nikae mbele ya kioo cha choo cha biro nikifanya mazoezi ya kutokuwa na maana yoyote. Nilifaulu baada ya mwezi mmoja. Mume wangu aliniuliza ni nani amekufa.

Vyombo vyetu vilikuwa vichache. Karto ya sabuni, sahani mbili za bati, chaki ya kuchora mipaka, vigoda viwili, na lile pazia la kutenganisha wachezaji ili wasijuane. Pazia tulilishona kwa kitenge chenye majogoo, kwa sababu ndicho kilichopatikana, na kwa miaka mitatu majibu yetu yalichelewa kwa kuwa kila mama aliyeketi mbele yake alitaka kwanza kujua kinapatikana wapi. Tableti zilikuja baadaye sana. Zina faida zake. Lakini tableti ikinyeshewa inanyamaza, na daftari likinyeshewa bado unaweza kukumbuka ulichoandika kwa kutazama doa.

Kuna siku ngumu ambazo mtazisikia zikisimuliwa vibaya, basi niziseme mimi mwenyewe. Ya kwanza ni ya Kilo, kwa wachimbaji wa dhahabu. Tuliwapa kuchagua: sabuni moja ya hakika, uende nayo nyumbani, au urushe dadu, sita ikija uchukue nane, isipokuja uende mikono mitupu. Hakuna hata mmoja aliyechagua sabuni ya hakika. Mtu anayeamka kila asubuhi kushuka katika shimo bila kujua lina nini, ukimpa kitu cha hakika anakuona kama unamtukana. Walirusha, wakakosa, wakarusha, wakakosa, na kila aliyekosa aliondoka ameridhika. Mpaka mmoja wao, mtu wa makamo mwenye vidole vya rangi ya udongo, alipoishika dadu yetu, akaizungusha, akaitia katika bakuli la maji ya chumvi.

"Mama," akaniambia, "hii dadu yako iko na uzito upande moja."

Nilimwambia haiwezekani, dadu imetoka mbali. Akaizungusha tena majini. Kila mara ilipotulia, ilionyesha tatu. Akaipima, akaigonga kwenye jino, akanieleza kwa huruma kwamba sita isingekuja hata tukilala pale. Alisema kweli. Papa Anselme alilazimika kutupa kazi ya miezi mingi, na hiyo ndiyo dadu niliyo nayo nyumbani. Siku ya kuirudisha nitairudisha na maelezo.

Ya pili ni ya kwaya moja ya mjini, na mchezo wa chungu. Kila mwimbaji alipewa maharage kumi, akaambiwa aweke chunguni kwa siri kiasi anachotaka. Yatakayopatikana tutayazidisha mara mbili na kuwagawia wote sawa. Wote wakiweka yote, wote wanapata mara mbili. Lakini anayeficha yake anakula ya wenzake pamoja na yake, na hapo ndipo mchezo ulipo. Walikuwa wametoka kuimba juu ya utoaji, wakaimba vizuri mno, hadi mimi mwenyewe niliyeahidi kutokuwa na uso nikaomba leso. Tulipofungua chungu tulikuta maharage machache, vifungo viwili vya shati, na haragwe moja lililoumwa nusu. Kiongozi wa kwaya alisema ni shetani. Masoprano walisema ni matenori. Kwa Jumapili mbili matenori hawakuimba.

Sasa nije Marabo.

Shirika moja lenye makao yake mbali lilitaka kuweka robine, bomba la maji safi, katika mtaa mmoja wa pale, na kuwaachia wakaaji waiendeshe wenyewe: zamu, usafi, mlinzi, matengenezo. Lilitaka kwanza kujua kama watu wa mtaa ule wanaweza kupatana. Likatuomba tukacheze nao ule mchezo wa sabuni kumi. Wakikubaliana wengi, robine ni yao. Wakikataana, robine itakwenda mtaa mwingine uliokuwa wa pili kwenye orodha. Wakaaji waliijua robine, hawakujua kwamba sabuni ndiyo mtihani wake. Hiyo ilikuwa sheria.

Mnajua Marabo, mnapita pale kila mara kununua viazi. Lakini hamkuteremka kwenye ile chemchemi ya zamani. Njia yake ilikuwa kama ngazi iliyokasirika. Nilishuka nayo siku moja na bidoni tupu ya maji, kwa kutaka kujua, nikapanda nayo imejaa, na nusu ya njia nilimwomba Mungu anisamehe mambo ambayo sikuwa nimeyafanya bado. Wanawake wa mtaa ule walikwenda mara tatu kwa siku, wengine na mtoto mgongoni. Kiongozi wao alikuwa Mama Jeannette, muuza maharage, mnene kidogo, mtulivu, mwenye sauti ya mtu ambaye hajawahi kuhitaji kuipandisha. Goti lake la kushoto lilikuwa limefungwa kitambaa. Alinionyesha bila kulalamika.

"Hii goti," akasema, "njo inangoya ile robine."

Tulicheza katika ukumbi wa parokia. Pazia la majogoo katikati, mgawaji upande huu, mpokeaji upande ule, na mimi nikipita na sahani. Jozi ya kwanza: mgawaji akatoa sabuni nne. Nikampelekea mpokeaji, msichana muuza nyanya aitwaye Furaha.

"Hapana," akasema.

Akasimama, akatengeneza kitenge chake, akaenda. Nikazirudisha kumi kartoni. Jozi ya pili: tano. Hapana. Jozi ya tatu: sita, kwa kuwa mgawaji alikuwa ameanza kusikia harufu ya hatari. Hapana. Jozi ya nne mpokeaji alikuwa Mama Jeannette mwenyewe, na mgawaji, bibi mmoja mwenye moyo wa ajabu, alijibakizia sabuni moja na kuweka tisa katika sahani.

"Mama," nikamwambia Mama Jeannette, na hapo nilivunja sheria kidogo kwa sauti, "mwenzako anakupa tisa."

Alizitazama kama anavyotazama gunia analoshuku lina mawe.

"Hapana," akasema.

Akasimama. Akakaza kitenge. Akajipangusa vumbi ambalo halikuwepo. Akaondoka.

Jozi kumi na mbili, na kumi na mbili zilikataa. Papa Anselme hakuwahi kuona jambo kama hilo. Papa Ngabu alikataa sabuni tatu, sawa, ni hasira. Lakini mtu anayekataa tisa kati ya kumi anakasirikia nini? Aliketi kwenye baraza la nyumba ya wageni na kalamu nyekundu, akaandika sifuri kwa mwandiko mzuri sana. Ripoti ilitakiwa iondoke baada ya siku mbili. Nilijua sifuri ile itasomwa vipi: watu hawa hawapatani hata wakipewa bure. Nikafikiria lile goti.

Nilikwenda sokoni kununua nyanya ili niwe na la kufanya na mikono yangu. Niliuliza bei ya fungu. Nikaambiwa. Nikasema wapunguze. Nikaambiwa haipungui. Nikasema basi, nikageuka nikaenda zangu.

Hatua ya tatu nikagundua ninatembea kama mtu aliyevaa viatu vya jirani. Mguu unatoka, unafikiri, unashuka. Nilitazama anga bila sababu. Nilisimama nikachunguza mkoba wangu, ambao ninaujua. Na nyuma yangu, kama nilivyojua itakuwa, kama inavyokuwa kila siku tangu mama yangu aliponituma sokoni mara ya kwanza, sauti ikasema:

"Mama wa sabuni, rudia. Kuya tuseme."

Nikarudi. Sasa ndipo nilimtazama usoni: alikuwa Furaha, yule wa jozi ya kwanza.

"Weye," nikamwambia, "asubui ulikataa sabuni ine. Juu ya nini?"

"Nilikataa?"

"Ulisema hapana, ukaenda."

"Nilienda polepole," akasema.

Tukatazamana juu ya nyanya.

"Haukuniita," akaendelea, na sasa alikuwa na uchungu kidogo. "Nilifika mulango, haukuniita. Nikafunga kitenge mara mbili, haukuniita. Nikasema, kumbe, batu ba Bunia bako bagumu vile. Siye bote tulingoya pale inje mpaka saa saba. Mama Jeannette anasema labda mutatuita kesho."

Nilimpa bei aliyotaka ya nyanya, akanitazama kwa dharau, kwa kuwa sikubishana.

Nilimkuta Papa Anselme bado na sifuri yake. Nilimweleza yote. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema mchezo ni mchezo na soko ni soko. Mchezo una ofa moja na jibu moja, na hapana ni hapana.

"Papa, kwao ofa ya kwanza ni salamu," nikasema. "Mtu akikusalimia huchukui mkono wake ukaenda nao nyumbani."

"Niandike nini, Mama Sifa? Kwamba walikataa lakini miguu yao ilikubali?"

"Njo vile."

"Miguu si data."

"Kuya upime."

Nilisema kwa kuchoka, sikutegemea kitu. Lakini neno kupima lilikuwa kwa Papa Anselme kama sukari kwa siafu. Alivua kofia. Katika miaka yote ya kufanya naye kazi ni mara moja tu nilimwona akivua kofia, na ndani yake alihifadhi futi kamba.

Kesho yake asubuhi alipima kutoka kigodani hadi mlangoni: mita saba na kidogo. Kwanza aliwaomba wanawake watoke nje kwa kawaida, mmoja mmoja, bila sababu, naye na saa mkononi. Walitoka kwa sekunde sita, saba. Kisha tukarudia mchezo kama jana, sheria zile zile. Furaha alikataa sabuni tano, akachukua nusu dakika kufika mlangoni. Mwingine alikataa sita, akasimama njiani kusoma bango la kunawa mikono, bango ambalo lina picha tupu. Mwingine alivua sandali, akaikung'uta, akaivaa, akafikiria, akavua ya pili. Mama Jeannette, kwa mita zile saba, alitumia dakika mbili na sekunde ishirini. Alizunguka benchi. Alimsalimia mtu dirishani ambaye hakuwepo. Karibu na mlango alikuwa akitembea polepole hivi kwamba Papa Anselme alisogea na kuinama kuhakikisha kama kisigino bado kinapanda.

Hakuwa na uso, Papa Anselme, sheria ilikuwa yake. Lakini mabega yake yalikuwa yanacheka peke yao.

Mchana alikubali tucheze namna ya tatu: mgawaji anaruhusiwa kuita. Basi. Hakuna kingine kilichobadilika, ni ruhusa tu ya kusema "rudia" kupitia kitenge cha majogoo. Ukumbi ukalipuka. Wanawake wakaondoka, wakaitwa, wakarudi, wakaondoka tena kwa heshima, wakaitwa kwa majina ya utani ya shuleni, hata siri ya pazia ikafa pale pale. Jozi ya kwanza ilichukua dakika arobaini. Kwa sababu katika kubishana hakuna aliyetaka kusogea kwa kipande kizima, tulilazimika kukata sabuni kwa uzi wa nailoni, na ilipofika jioni ukumbi wa parokia ulinukia usafi ambao padri aliuongelea kwa mwezi mzima. Jozi kumi na mbili, na zote kumi na mbili zilipatana. Nyingi kwa tano kwa tano, ambayo ndiyo ile ile waliyokuwa wameikataa asubuhi.

Kwa hiyo nyinyi mnaobonyeza neno "amekataa" kwenye tableti na kupita kwa mtu wa pili, nawaomba mtazame chini kidogo kabla hamjabonyeza.

Tulituma ripoti na majedwali yote matatu, pamoja na lile la kasi ya kutembea. Shirika halikuamini hata ukurasa mmoja. Lakini halikutupa ripoti pia. Lilimtuma mjumbe kutoka Kinshasa, aitwaye Trésor, kijana nadhifu mwenye Lingala nyingi na Kiswahili cha kuazima. Alikuja Marabo na mkataba ndani ya plastiki, akaniomba nitafsiri. Garini alinieleza maagizo yake: atautoa mkataba mara moja, wakikubali wanasaini, wakikataa anapanda gari na kwenda mtaa wa pili kwenye orodha.

Wanawake walijaa ua wa parokia. Mama Jeannette aliketi mbele, goti limenyooka. Trésor akasoma: robine moja, wakaaji watachimba mtaro wenyewe, wakaaji watatoa mlinzi. Nikatafsiri. Akauliza kama wanakubali. Nikatafsiri.

"Hapana," akasema Mama Jeannette.

Akasimama. Nyuma yake wakasimama wote, pengine wanawake sitini, wakaanza kukaza vitenge kwa pamoja, na sauti yake ilikuwa kama ndege wengi wanaopanga mabawa. Kisha wakageuka kuelekea lango. Polepole. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile: umati mzima ukiondoka bila kwenda popote.

Trésor akafunga kalamu. Akarudisha mkataba kwenye plastiki. Dereva, ambaye alikuwa amesikia neno hapana, akawasha gari.

Papa Anselme alikuwa kando yangu. Nilimtazama. Alitazama mbele, hana uso, na ile sheria yake ikawa kati yetu kama ukuta: mchunguzi haingilii. Mama Jeannette alikuwa amebakiza hatua kumi hadi langoni, na nje ya lango mtaa uko mteremko. Ukishuka, hata kwa kupenda, huwezi tena kwenda polepole. Nikafikiria tisa kati ya kumi zikirudi kartoni kwa mikono yangu.

"Bwana Trésor," nikasema, "mama yako anafanya kazi gani?"

Alishangaa. "Anauza samaki wa chumvi. Sokoni."

"Mteja akikataa bei yake, akaondoka, mama anafanya nini?"

"Anamwita," akasema, kama mtu anayeulizwa maji yanateremka wapi.

"Anamwita kwa nini, na mtu amesema hapana?"

Akawatazama wanawake. Akaangalia chini, kwenye zile jozi sitini za sandali zinazopanda na kushuka bila haraka yoyote, na niliona kitu kikimrudia usoni, kitu cha zamani kuliko mkataba. Hatua sita zilibaki. Papa Anselme, bila kugeuza kichwa, alisema kwa sauti ya chini sana:

"Muite, mutoto yangu."

"Mama," Trésor akaita. Akaanza upya, na Kiswahili kikamtoroka chote, akamwomba arudi kwa Lingala. "Mama, zonga. Zonga, tafazali."

Ua mzima ukasimama. Mama Jeannette hakugeuka mara moja. Mtu hageuki mara moja. Alitazama lango, akatazama mawingu upande wa milima. Ndipo akageuza bega, kisha kichwa.

"Unasema na miye?"

"Ee, mama."

Alirudi kwa sekunde tano. Najua kwa kuwa Papa Anselme alikuwa anapima. Akaketi, akanyoosha goti, akapanga kitenge juu yake, na wanawake wote wakaketi nyuma yake kwa kishindo.

"Haya," akasema. "Hiyo robine moja, ulikuwa unatania?"

Walizungumza hadi saa kumi. Aliondoka mara mbili zaidi, na mara zote mbili Trésor aliita, mara ya mwisho kwa Kiswahili safi. Dereva alizima gari akaomba kiti. Walipotia saini zilikuwa robine tatu, pamoja na sakafu ya saruji ya kufulia, na mtaro ungechimbwa nusu na wakaaji, nusu na shirika. Mpaka leo maji yanatoka katika zote tatu.

Katika safari ya kurudi Bunia, nilimpa Trésor pole kwa matatizo atakayoyapata kwa wakubwa wake. Alianza kukunja ile plastiki ya mkataba. Kisha akanieleza, akiwa na haya kidogo, kwamba ruhusa aliyopewa Kinshasa ilikuwa ya robine tatu tangu mwanzo.

Nilimuuliza kwa nini basi alianza na moja.

Alinitazama kwa mshangao wa kweli.

"Mama," akasema, "nani anaanza na tatu?"